Safari ya Jamaa ya Muhammad bin Saleh Kandokando ya Ziwa Mweru

 

Siku hizi jamaa ya watu kumi na wawili hupanda gari Nchelenge alfajiri, na mabegi na mikeka na watoto wamepakatwa, ikashika barabara ya lami hadi Mansa. Gari likipasuka mpira njiani, watu hushuka, wakanung'unika, kisha wakaendelea. Husemwa nyumbani kuwa safari ile ilikuwa ya taabu. Basi ni vyema kukumbuka jamaa nyingine iliyopita pwani hii hii ya Mweru, ikiwa haina gurudumu hata moja.

Mwenye jamaa aliitwa Muhammad bin Saleh. Alikuwa mfanyabiashara Mwislamu, mtu mnene mwenye ndevu nyeupe pepepe na tabasamu la upole. Hivyo ndivyo alivyoelezwa na Dokta David Livingstone, aliyekutana naye katika mji wa Mwata Kazembe mnamo Novemba 1867. Dokta alikuwa ameliona Ziwa Mweru siku chache tu kabla, tarehe 8 ya mwezi huo. Muhammad alikuwa amekwisha kukaa nchi ile zaidi ya miaka 10, wala hakukaa kwa hiari. Mali yake nyingi ilikuwa imepotea, na kila alipotaka kuondoka hakupewa ruhusa. Akazeeka mgeni, akiwaona Makazembe wakirithiana kiti mmoja baada ya mwingine.

Livingstone alikuwa na barua ya Sayyid Majid, Sultani wa Unguja, naye akamwombea mzee kwa Mwata Kazembe Muonga. Ruhusa ikapatikana. Lakini ilipatikana mwezi wa Desemba, na hapo ndipo penye mkasa wote.

Kila mkazi wa Luapula anajua Desemba ni mwezi wa namna gani. Mvua huanza Novemba na kuendelea mpaka Aprili. Vijito ambavyo mtoto huvivuka kwa kuruka wakati wa kipupwe huwa mito, na mbuga zilizo baina ya Luapula na ziwa hugeuka kuwa maji matupu juu na tope jeusi chini. Mtu mwenye hiari angalingoja Mei. Lakini ruhusa ya mfalme haina miadi, aliyeingojea miaka 10 hawezi kusema, "Ngojeni kwanza mvua ikatike." Wakatoka mwisho wa mwezi ule, wakielekea kaskazini kwa upande wa mashariki wa ziwa, na Mto Kalungwishi ukiwa mbele yao bado.

Na jambo jingine. Ramadhani ya mwaka 1284 Hijria iliandama siku zile zile za mwisho wa Desemba 1867. Msafiri ameruhusiwa na sheria kufungua na kulipa siku nyingine, na sala zake hupunguzwa. Mwenye kukaa mjini huiona rukhsa hii kuwa maneno ya kitabuni. Mwenye kupita kinamasi na mzigo kichwani, nguo mbichi na kuni mbichi, anaelewa mara moja imewekewa nani.

Katikati ya Januari 1868 wakafika Kabwabwata, kaskazini ya ziwa, ambako walikuwako watu wa Muhammad mwenyewe, mwanawe miongoni mwao. Mzee akapokewa kwa shangwe. Ujiji ilikuwa bado mbali, na nchi yote iliyokuwa mbele imejaa maji, basi wakakaa. Mwezi ukapita, wa pili, wa tatu. Aprili, Livingstone akachoka kungoja, akaazimu kurudi kusini kulitafuta Ziwa Bangweulu. Wachukuzi wake wengi wakakataa. Akaondoka na watu 5 tu, akavuka mbuga kwa saa 4 maji yakiwa kiunoni, hata Julai 18 akaliona ziwa lile.

Livingstone alimlaumu Muhammad kuwa yeye ndiye aliyewashawishi wachukuzi wabaki. Labda. Lakini baadaye Dokta mwenyewe aliandika kuwa hakuwalaumu sana moyoni, kwani walikuwa wamechoka kutembea, naye pia alikuwa amechoka. Huo ulikuwa uungwana.

Haifai kuficha upande wa pili. Misafara ya zama zile ilichukua pembe, na ilichukua watumwa. Mzee huyu aliyelia miaka mingi kwa kunyimwa ruhusa ya kwenda kwao, alikuwa mtu wa biashara ile ile iliyowang'oa wengine makwao pasipo ruhusa. Wazee wa Luapula hawakusahau, na Waislamu wa leo hawana haja ya kujifanya wamesahau.

Desemba 1868, mwaka mzima baadaye, Livingstone aliondoka Kabwabwata pamoja na msafara wa Muhammad bin Gharib. Mvua tena! Januari akaugua pafu vibaya, asiweze kusimama. Bin Gharib akamtengenezea machela, akamwuguza kwa dawa na chakula kama ndugu, na watu wakampokezana mabegani hadi Ziwa Tanganyika. Tarehe 14 Machi 1869 akafikishwa Ujiji akiwa hai.

Naye Muhammad bin Saleh alifika Ujiji. Novemba 1871, Henry Morton Stanley alipoingia mji ule kumtafuta Livingstone, miongoni mwa wakubwa waliosimama kumpokea alikuwamo mzee huyo mwenye ndevu nyeupe, yupo kwao.