Kuendesha Dansi la Tekno Mjini Leeds

(Hotuba hii ilitolewa bwaloni na mwanafunzi wa zamani aliyemaliza Kidato cha Sita mwaka 1992, katika mkutano wetu wa mwaka. Tunaichapa kama alivyoitoa.)



Mwaka jana mliletewa mhandisi wa madaraja, na mwaka juzi daktari wa macho. Mwaka huu mmeletewa mtu wa dansi. Mwenyekiti aliponipigia simu nilimwuliza kama ana hakika. Akanijibu kwamba wanafunzi wa sasa wamechoka kuhimizwa kuwa madaktari. Basi lawama zote ni zake.

Kazi yangu ya mchana ni ufundi umeme. Nilikwenda Uingereza kusoma mwaka 1999, nikakaa katika mji wa Leeds, na huko ndiko ninakoishi hadi leo. Lakini kwa muda wa miaka 12, tangu 2006 hadi 2018, mimi na wenzangu watatu tuliendesha dansi la tekno mara moja kila mwezi, katika chumba kilichokuwa chini ya karakana ya zamani ya kushonea nguo. Nitaeleza tekno ni nini, tuliendeshaje dansi letu, na kosa moja nililolifanya ambalo lingeweza kuua watu. Hilo la mwisho ndilo hasa lililonileta hapa.

Tekno ni muziki wa kucheza unaotengenezwa kwa mashine. Mara nyingi hauna mwimbaji wala mpiga gitaa. Kuna ngoma ya mashine inayopiga sawasawa, mapigo 120 hadi 140 hivi kwa dakika, na juu yake sauti nyingine huingia na kutoka polepole. Mpiga santuri huwa na santuri mbili. Moja inapolia, yeye huisikiliza ya pili masikioni mwake, huirekebisha mwendo mpaka mapigo ya zote mbili yaangukiane, kisha huziunganisha bila watu kutambua moja imeishia wapi. Saa nzima inaweza kupita ngoma haijakatika. Mzee yeyote aliyewahi kukesha ngomani hatashangaa, maana anajua kwamba mdundo ukishamshika mtu, hahesabu tena saa.

Wengi hudhani muziki huu ni wa Wazungu. Sivyo. Ulianzia Marekani, kwa vijana weusi watatu waliofahamiana wakiwa wanafunzi wa sekondari huko Belleville, karibu na Detroit, mji wa viwanda vya magari. Majina yao ni Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson. Usiku walisikiliza redio, ambako mtangazaji aliyejiita The Electrifying Mojo alipiga muziki wa watu weusi wa Marekani pamoja na ule wa Kraftwerk, bendi ya mashine ya Kijerumani, bila kubagua. Mashine ya ngoma ya Roland iliyoitwa TR-808, iliyotolewa mwaka 1980, haikufanikiwa sana sokoni. Vijana wakaipata mkono wa pili kwa bei nafuu. Mwaka 1988 mkusanyo wa muziki wa Detroit ulitolewa Uingereza, na jina la tekno likaenea. Ukuta wa Berlin ulipofunguliwa mwaka 1989, vijana wa pande zote mbili walikutana katika majengo matupu wakicheza muziki huo huo. Mwaka 1991 klabu ya Tresor ilifunguliwa katika chumba cha zamani cha kuhifadhia fedha, chini ya mahali palipokuwa duka kubwa. Mwaka 2024 Ujerumani iliuingiza utamaduni wa tekno wa Berlin katika orodha yake ya urithi wa taifa.

Ninyi mnaopenda singeli, yenye kupita mapigo 200 kwa dakika, msidhani ninyi ni wageni katika habari hii. Vijana wa mitaa ya Dar es Salaam wamefanya kwa kompyuta lile lile walilofanya vijana wa Belleville kwa mashine zao.

Sasa nije kwetu. Leeds ni mji wa baridi na wageni wengi. Miaka yangu ya mwanzo ilitokea nikatoka kazini Ijumaa jioni nisizungumze na mtu hadi Jumatatu. Nilijaribu kwenda katika vilabu vikubwa. Mara mbili nilirudishwa mlangoni bila kuelezwa sababu. Mara ya tatu niliingia, nikacheza hadi alfajiri, na hakuna aliyenisalimu. Nilirudi nyumbani kwa miguu nikijiambia kwamba mimi nilikuwa kiranja wa burudani wa shule yangu. Nikiwa na redio kaseti moja na jenereta lililokuwa likikohoa, niliweza kuwafanya wavulana 300 wafurahi. Nitashindwaje hapa?

Wenzangu walikuwa muuguzi, dereva wa basi, na msichana wa Kipoland aliyekuwa akisomea uchoraji. Dansi letu tuliliita la chini kwa chini. Maana yake si kwamba tuliwakimbia polisi. Hatukutangaza redioni wala kubandika matangazo barabarani. Mtu aliletwa na mtu. Usiku wa kwanza walikuja watu 31, sisi wanne tukiwamo. Tulipata hasara ya pauni 94.

Kibali tulikuwa nacho kila mara. Kule mtu wa kawaida anaweza kuomba kibali cha muda kwa shughuli ya watu wasiozidi 499, wafanyakazi wakihesabiwa. Taarifa hupelekwa kwa baraza la mji na polisi siku 10 za kazi kabla, na ada ni pauni 21. Mtu asiye na leseni yake binafsi hapewi zaidi ya vibali vitano kwa mwaka, kwa hiyo tulipokezana wanne.

Ndani tulikuwa na karatasi ya zamu ukutani, kama ile ya bwenini. Zamu ya mlango, zamu ya maji, zamu ya sakafu, zamu ya ngazi. Aliyekuwa mlangoni alisalimu kila mtu na kumwuliza kama amewahi kuja, na kama yuko peke yake. Aliyekuja peke yake alipelekwa kwa mwenyeji, akajulishwa kwa watu wawili au watatu. Kiingilio kilikuwa pauni tano, na asiyekuwa nazo alibeba spika asubuhi. Maji yalikuwa bure tangu siku ya kwanza. Vilabu vyenye leseni viliamriwa kisheria kutoa maji ya bomba bure mwaka 2010. Hapakuwa na kupiga picha. Aliyemshika mtu asiyetaka kushikwa alitolewa nje, hata kama ni rafiki yetu. Aliyezidiwa, kwa ulevi au kwa lolote, alikalishwa na kuangaliwa kwanza. Maneno yalifuata siku nyingine.

Hata masikio ya watu yalikuwa juu yetu. Kiwango cha kazini kule ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila inapoongezeka 3, muda salama unapungua kwa nusu. Ukifika desibeli 100, muda ni dakika 15 tu. Kwa hiyo tuligawa vizibo vya masikio mlangoni. Spika za besi tulizisimamisha juu ya mpira mnene ili sakafu isitetemeke, na bibi mmoja aliyekaa ng'ambo ya barabara nilimpa namba yangu ya simu. Alipiga mara nyingi mwaka wa kwanza. Baadaye alikuwa akipiga kuuliza hali.

Watu walikuja. Alikuja mjane wa miaka 63 aliyecheza pembeni kila mwezi akiwa amevaa koti. Walikuja wahudumu wa hospitali waliomaliza zamu. Kufikia mwaka wa nne chumba kilijaa, na mimi nikaanza kujiona mwenyeji hodari.

Ndugu zangu, hapo ndipo penye hatari.

Ilikuwa Desemba 2010, mwezi wa theluji na baridi kali. Chumba chetu kilikuwa na njia mbili za kutokea: ngazi za mbele, ambazo watu wawili hawakupitana kwa raha, na mlango wa nyuma wa kwenda uchochoroni. Watu walikuwa wakiufungua ule wa nyuma ili kuwaingiza rafiki zao bila kiingilio, na baridi ilipenya. Nikaona nimepata dawa. Nilinunua kufuli, nikalifunga, ufunguo nikautia mfukoni. Sikumwambia mtu.

Usiku ule tulikuwa watu 118. Yapata saa saba nilivuka barabara kwenda kwa yule bibi, aliyekuwa amepiga simu kwamba bomba lake la maji limeganda. Nyuma ya spika kulikuwa na waya wa umeme wa kurefushia, ambao mimi mwenyewe niliuacha umeviringishwa kwenye gurudumu lake. Kila fundi umeme anajua kwamba waya unaobeba umeme mwingi huku umeviringishwa hupata joto lisilo na pa kutokea. Nilikuwa nimewafundisha wanagenzi jambo hilo wiki hiyo hiyo. Waya ukaanza kuyeyuka, na moshi mweusi ukajaa chumbani.

Muuguzi aliwasha taa zote. Dereva wa basi alizima muziki, akakata umeme wa spika, akatangaza kwa sauti ile ile anayotumia kutangaza vituo, kwamba tunatoka kwa ngazi za mbele, polepole, shika mkono wa mwenzako. Wengi walitii. Lakini waliokuwa nyuma walikimbilia mlango waliouzoea, wakausukuma, haukufunguka, na wengine wakaja nyuma yao wakisukuma vile vile. Kijana mmoja alibanwa kwenye kitasa, akavunjika kifundo cha mkono. Ilikuwa dakika nne au tano kabla hawajageuzwa wote. Waya ulizimika wenyewe baada ya umeme kukatwa. Hakufa mtu.

Nilipotoka kwa bibi niliwakuta wote wamesimama kwenye theluji. Muuguzi hakunifokea. Aliniuliza tu ufunguo ulikuwa wapi. Nikautoa mfukoni.

Miaka miwili kabla, siku ya Idi mwaka 2008, watoto wapatao 20 walikufa katika msongamano kwenye ukumbi wa disko huko Tabora. Mimi niliisoma habari hiyo nikiwa Leeds, nikasikitika, nikalaumu waandaaji. Desemba 2016 huko Oakland, Marekani, moto uliua watu 36 katika ghala lililokuwa na dansi la muziki kama wetu. Niliposikia hiyo ya pili sikulaumu mtu kwa haraka. Nilijua jinsi mtu mwema, anayependa wageni wake, anavyoweza kuwafungia ndani kwa sababu ya baridi na pauni tano.

Tulifunga kwa miezi mitatu. Tuliwaita zimamoto wenyewe waje kukagua, wakatuambia chumba kile hakistahili zaidi ya watu 80. Tukakubali. Mlango wa nyuma tuliuwekea komeo la kusukuma, ambalo kwa nje halifunguki, lakini kwa ndani hata mtoto akiliegemea linafunguka. Zamu moja mpya iliongezwa, ya kusimama hapo. Usiku kadhaa tuliwarudisha watu tuliowapenda kwa sababu 80 walikuwa wametimia, na fedha zilipungua hata tukawa tunachanga mifukoni. Yule kijana nilikwenda kwake nikamweleza ukweli wote. Alinisikiliza, akanipa chai, lakini hakurudi tena dansini. Simlaumu.

Tuliendelea hivyo hadi 2018, jengo lilipouzwa ili liwe nyumba za kupanga. Tulicheza usiku wa mwisho, tukabeba spika, tukaagana.

Wanafunzi wenzangu, nimeulizwa siri ya kuwafanya watu wajione nyumbani katika mji wa ugenini. Salamu ya mlangoni ni sehemu moja. Maji ni sehemu nyingine. Lakini mgeni hajakaribishwa kweli kweli mpaka pale anapoweza kutoka. Ukarimu ni kazi ya zamu, wala hauachwi kwa mtu mmoja mwenye moyo mzuri na ufunguo mfukoni.

Sasa nina ombi moja, nalo ni la leo. Asubuhi nilipita mlango ule wa nyuma, pale karibu na jiko. Una kufuli. Nilimwuliza kiranja wa burudani, akaniambia kwamba hufungwa ili wanafunzi wasitoroke kwenda mjini. Najua. Hata sisi tulitoroka kwa mlango huo, na wengine wao wamekaa hapa mstari wa mbele wamevaa tai. Lakini usiku huu kuna dansi, na kiranja ananiambia anatazamia vijana 400 humu ndani. Mwenye ufunguo, nimeambiwa, amekwenda mjini.

Ndugu Mkuu wa Shule, nimekuja na komeo moja la kusukuma na taa nne za dharura. Ni zawadi yangu kwa shule. Vifaa vya kufungia ninavyo ndani ya gari, na kazi yenyewe haizidi saa mbili. Naomba ruhusa yako, na naomba msumeno wa chuma, ili nianze mara tu tutakapomaliza chakula cha mchana. Kiranja na wenzake wawili watanisaidia, wajue linavyofungwa.