Moshi Baada ya Ovahoo: Tuusome Kabla ya Kufungua Injini Tena

(Hotuba ya Mratibu wa Miradi kwa madereva, mafundi na wasimamizi wa vituo vya dayosisi, Dodoma)



Huenda mnashangaa kuona mratibu, ambaye kazi yake ni bajeti na ripoti, anasimama kuzungumzia moshi wa ekzosi mbele ya watu walioshika spana tangu ujana wao. Sababu ni kwamba moshi ulitugharimu fedha, na nusura umharibie jina fundi ambaye hakuwa na kosa. Aliyekosa nilikuwa mimi.

Gari letu la huduma ya mkoba, Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, ile dizeli ya silinda 6 ya lita 4.2 mnayoifahamu kuliko mimi, lilifanyiwa ovahoo baada ya kuchemsha. Silinda zilichongwa, pistoni na ringi zikawekwa mpya. Fedha ilikuwa ya wafadhili, na ilikuwa ya mara moja tu. Gari lilipotoka gereji nilimwagiza dereva, “Hiyo injini ni mtoto mchanga, ibembeleze.” Naye akatii. Alikwenda polepole, bila mzigo, na kila alipofika kituoni aliiacha injini ikinguruma chini ya mti muda mrefu ili eti izoee.

Baada ya wiki kadhaa moshi wa bluu ukaanza, wenye harufu ya oili iliyoungua. Kila kilometa 500 tulikuwa tunaongeza lita 1. Nikazuia malipo ya mwisho ya fundi, na kwenye kikao cha kamati nikasema kazi yake ni mbovu. Wakati tunabishana kliniki za mkoba zilisimama, na kina mama walifika na watoto mgongoni wakasubiri gari ambalo halikuja.

Sasa tuseme habari ya moshi wenyewe. Kila mtu anajua rangi: bluu ni oili, mweupe ni maji au dizeli isiyoungua, mweusi ni dizeli nyingi kuliko hewa. Hiyo ni kweli, lakini haitoshi. Swali la maana zaidi ni hili: moshi unatoka wakati gani?

Moshi wa siku ya kwanza usiwatishe. Fundi hupaka oili kwenye silinda na pistoni anapofunga injini, na bomba la ekzosi lililotumika na injini ya zamani huwa limelowa oili ndani. Vyote hivyo lazima viungue. Endesheni gari mpaka ekzosi yote ipate moto sawasawa, ndipo mwanze kuhesabu makosa.

Moshi wa bluu unaotoka asubuhi tu, injini ikiwashwa baada ya kulala, kisha ukakoma, mara nyingi ni sili za valvu: oili imedondoka usiku kidogo kidogo. Hapo hamna haja ya kugusa pistoni. Moshi wa bluu unaoongezeka gari likipanda mlima na mzigo, huo elekezeni macho kwenye ringi. Fungueni kifuniko cha oili injini ikinguruma: upepo ukipuliza kwa nguvu kama chungu kinachochemka, presha inapita pembeni mwa pistoni. Kwa magari ya petroli iko dalili nyingine, moshi unaotoka mnapokanyaga mafuta baada ya kuteremka mlima mrefu mkiwa mmeachia, nayo huonyesha valvu. Kwa dizeli kama yetu msiitegemee sana, kwa sababu haina kizuizi cha hewa cha kufyonza oili kwa nguvu namna ile. Na mwenye gari lenye turbo aangalie kwanza sili za turbo kabla ya kumlaumu mtu.

Moshi mweupe una mambo mawili yanayofanana kwa macho. Ukiwasha macho na kunuka dizeli, hasa asubuhi za baridi za Juni na Julai, tazameni plagi za kupasha joto na nozeli. Na kama injini imetoka kufunguliwa, ulizeni mkanda wa taimingi na pampu vilifungwa kwenye alama zake. Jino moja tu likiruka linatosha kuleta matatizo. Lakini kama maji ya rejeta yanapungua na hakuna panapovuja, au oili imekuwa kama chai ya maziwa, simamisheni gari palepale. Hiyo ni gasketi ya hedi au ufa, na kuendelea kuendesha ni kuua injini mpya. Na tafadhali, kifuniko cha rejeta kisifunguliwe injini ikiwa ya moto.

Mweusi nitausema kwa kifupi. Dodoma tuko kwenye mwinuko wa takribani meta 1,100, hewa ni nyepesi kuliko Dar es Salaam, kwa hiyo pampu iliyofunguliwa dizeli nyingi itaonekana mapema kwetu. Kabla ya pampu angalieni chujio la hewa. Vumbi letu la kiangazi ni laini kama unga, likizidi linaliziba. Chujio likitoboka, au bomba lake lisipobanwa vizuri, vumbi hilo linaingia na kula ringi mpya, na moshi mtakaouona baadaye ni wa bluu.

Nirudi kwenye gari letu. Fundi mwingine, mzee wa makamo, hakuifungua injini siku aliyolipokea. Aliuliza gari liliendeshwaje tangu litoke gereji. Dereva alinitazama, nami nikajibu. Mzee akatueleza kwamba ringi mpya hazijibani zenyewe. Presha ya moto ndani ya silinda hupita nyuma ya ringi na kuzisukuma kwenye ukuta, zikasagana na mikwaruzo midogo iliyoachwa na mashine mpaka zikakaa. Injini ikikosa mzigo, presha ni ndogo, ringi zinateleza, na oili inaungua ukutani na kufanya ngozi ngumu inayong'aa kama kioo. Tulipakia viroba vya mchanga tukaenda Mtera na kurudi, mara mbili, tukibadilisha mwendo, tukipanda kwa nguvu na kushuka taratibu. Moshi ulipungua lakini haukuisha, tulikuwa tumechelewa. Injini ikafunguliwa, na kuta za silinda ziling'aa kweli. Kipimo cha kila silinda kilikuwa sahihi, na ringi zilifungwa upande wake. Kuta zikakwaruzwa upya, ringi nyingine zikanunuliwa pamoja na gasketi ya hedi, kwa fedha tuliyotenga kwa ajili ya matairi.

Nilikwenda kwa fundi wa kwanza na bahasha ya fedha yake. Alihesabu, akatia sahihi, akaniuliza kama nitarudi kwenye ile kamati kusema. Nilirudi nikasema, na muhtasari unaonyesha hivyo, ingawa wateja wawili aliowapoteza kwa maneno yangu sina hakika kama walirudi kwake.

Tangu hapo kila gari letu lililofanyiwa ovahoo lina daftari. Dereva anaandika kilometa, oili aliyoongeza, rangi ya moshi na saa aliyouona, kama ni asubuhi, mlimani au mteremkoni. Injini haiachwi ikinguruma gari likiwa limesimama. Oili ya kwanza, ya kawaida isiyo ya sintetiki, inamwagwa mapema, kabla ya kilometa 1,000. Wala hatumaanishi kuikimbiza injini mpaka ikachemka. Tunamaanisha kuipa kazi ya kiasi.

Gari la kituo kimojawapo liko hapo nje, halijawashwa tangu jana jioni. Msimamizi wake anasema linatoa moshi, dereva anasema halitoi. Twendeni tukaliwashe pamoja. Wawili wasimame nyuma na karatasi nyeupe, na mmoja ashike saa.