Si kutundika serumu: kazi ya perfusionisti na ombi la binti yetu

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama katika kikao kikuu, Baraka. Komite imeomba yaandikwe hapa kwa ajili ya wale ambao hawakufika, na wafadhili wetu wanaotusoma kutoka mbali.



Komite imenipa dakika ishirini. Nitajaribu nisizidishe, ijapokuwa sisi watu wa mashirika mnatujua.

Mnakumbuka barua iliyosomwa kwenye kikao kilichopita. Binti yetu, muuguzi A1, ambaye wengi wenu hapa mmeshachomwa sindano kwa mkono wake, ameomba mfuko wa chama umsaidie kusomea kazi ya perfusionisti. Siku ile mzee mmoja aliuliza: "Perfusion si ile serumu? Kila infirmie anajua kutundika serumu. Tulipe feza ya nini?" Watu wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu lilikuwa swali zuri na sikuwa na jibu. Tena nilikuwa nimekwisha kumwambia binti, siku mbili mbele: "Endelea tu, tutakusaidia." Nilisema bila kujua ninasema nini. Hapo nitarudi.

Kwanza nimjibu mzee. Jina ni lilelile lakini kazi ni nyingine kabisa. Daktari akitaka kushona tundu ndani ya moyo au kubadilisha kilango chake, hawezi kuifanya kazi hiyo huku moyo unarukaruka na umejaa damu. Lazima usimame. Na moyo ukisimama, ubongo unaanza kuharibika kwa dakika chache. Kwa hiyo wanaunganisha mgonjwa na mashine inayofanya kazi ya moyo na ya mapafu kwa pamoja. Damu inatoka upande wa kuume wa moyo kwa mrija, inashuka ndani ya chombo, pampu inaisukuma, inapita katikati ya nyuzi ndogo sana zenye uwazi ndani, maelfu na maelfu, ambamo inaacha hewa chafu na kuchukua oksijeni. Inapozwa au inapashwa moto, inachujwa, halafu inarudi mwilini kwa mshipa mkubwa. Moyo wenyewe unasimamishwa na dawa yenye potasiamu. Perfusionisti njo mtu anayeikalia mashine ile. Daktari anashona, yeye anamshikilia mgonjwa katika uhai.

Mtu wa kwanza kupona kwa njia hii alikuwa msichana wa miaka 18 kule Philadelphia, Marekani, tarehe 6 Mei 1953. Daktari John Gibbon alifunga tundu la moyo wake, na kwa dakika 26 mashine peke yake ilimbeba. Gibbon alianza kuwaza mashine hiyo mwaka 1931. Katika majaribio ya miaka ile mingi aliyefanya kazi naye bega kwa bega alikuwa mke wake Mary, fundi wa maabara. Nawaambia hilo ninyi mabinti, juu kuna mtu aliniambia nje pale kwamba mambo ya mashine ni ya wanaume.

Sasa, ugumu wake uko wapi? Iko kwenye hesabu na kwenye macho. Kabla damu haijaingia kwenye mirija, mgonjwa anapewa heparini ili damu isigande, na kipimo kinachukuliwa; hospitali nyingi zinangoja kifike sekunde 480 ndipo waanze. Ukianza mapema, damu inaganda ndani ya mashine, na mtu amekwisha. Mtu mzima anahitaji lita nne au tano kila dakika, kufuatana na ukubwa wa mwili wake. Lakini chukueni mtoto wa kilo 10. Damu yake yote ni kama mililita 800, inazidi kidogo tu chupa kubwa ya bia. Mirija ya mashine inapaswa kujazwa maji ya dawa kwanza, na maji hayo yakiwa mengi, damu ya mtoto inakuwa nyepesi kama chai ya kambini. Kwa hiyo unahesabu: mirija ya ukubwa gani, uongeze damu kiasi gani. Na saa zote unaangalia povu. Hewa kidogo ikifika kwenye ubongo, mtoto anaweza kuamka amepooza upande mmoja, au asiamke.

Na stima ikikatika? Hilo swali la kwetu nililiuliza mimi. Mashine ina betri. Betri nayo ikikufa, kuna mkono wa kuzungusha pampu, sawa ule wa cherehani ya mkono. Wanafunzi wanafundishwa kuuzungusha kwa mwendo uleule, bila kukimbia na bila kulegea, mpaka stima irudi.

Kwa nini binti yetu, aliye hapa Fizi, awaze kitu sawa hicho? Wengi wenu mnamjua mtoto ninayemfuatilia, yule wa miaka kumi na mbili ambaye hawezi kupanda kilima cha shule. Sitaji jina. Alizaliwa kambini ng'ambo ya ziwa. Mnakumbuka tulivyolala kule, watoto sita kwenye mkeka mmoja, mmoja akikohoa wote wanakohoa. Kuna ugonjwa wa koo, unaletwa na mdudu anayeitwa streptokoko. Kwa mtoto mmoja unapita wenyewe. Kwa mwingine, usipotibiwa kwa penisilini, mwili unapigana na mdudu halafu unakosea adui: unageukia viungo na moyo. Magoti yanavimba, homa inakuja, inaisha, wazazi wanasahau. Miaka inapita, na vilango vya moyo vinabaki na makovu. Havifungi vizuri tena au havifunguki. Msongamano wa watu unauchochea ugonjwa huo, na sisi msongamano tumeujua kuliko watu wengi.

Mtoto huyo anachomwa penisilini ya muda mrefu kila wiki nne ili moyo usiharibike zaidi. Anayemchoma ni binti huyu. Sindano inazuia, haitengenezi kilango kilichokwisha kuharibika. Dokta aliyempima kwa mashine ya picha alisema atahitaji kupasuliwa, na tuko kwenye foleni ya kumpeleka nje. Siku nilipowaeleza wazazi namna upasuaji unavyofanyika, kadiri nilivyoelewa mimi, binti alinivuta pembeni akaniuliza: "Yaya, ule mutoto, wakisha kumusimamishia moyo, nani anamuchunga?" Sikujua. Alitafuta mwenyewe kwenye simu, na kutoka siku ile hakuacha tena.

Hapo njo nikakosea. Nilifurahi, nikamwambia endelea. Naye akaendelea: akapata tangazo la masomo ya perfusheni kwa njia ya intaneti, miezi sita, cheti kinatumwa kwa barua pepe, unalipa yote mbele. Ombi lake kwenu lilikuwa la feza hizo. Sitalitaja lile tangazo kwa jina. Nasema tu kwamba baada ya aibu yangu nilikaa nikauliza wanaojua, na niliyoyakuta ni haya.

Hakuna nchi nilikokuta mtu amekuwa perfusionisti bila kukaa kwenye mashine mbele ya mwalimu. Marekani, mtu anamaliza kwanza digrii ya chuo kikuu yenye biolojia, kemia na fizikia, kisha anaingia programu ya kama miaka miwili. Ndani ya masomo anatakiwa awe ameshughulikia wagonjwa wasiopungua 75. Halafu kuna mitihani miwili ya bodi. Na hata akifaulu, ili cheti chake kibaki hai anapaswa kushughulikia wagonjwa 40 kila mwaka. Bodi ya Ulaya inadai 100 kabla ya kumpa mtu cheti chake. Afrika ya Kusini wanaisoma ndani ya digrii ya teknolojia ya tiba, miaka minne, kisha lazima uandikishwe na baraza la afya la nchi. India kuna digrii ambazo mtu anaingia baada ya sekondari ya sayansi. Ufaransa, wengi walianza wakiwa wauguzi: hospitali inayopasua moyo inamchukua kwanza, halafu anasoma diploma ya chuo kikuu huku akiwa kazini.

Njia ya mwisho ndiyo iliyonifumbua macho. Angalieni hesabu hizo: 75, 100, 40 kila mwaka. Mgonjwa hapatikani kwenye simu. Anapatikana hospitalini, pale penye daktari wa moyo, mtu wa usingizi, chumba cha wagonjwa mahututi, na akiba ya vifaa, maana ile mirija na ule mfuko wa oksijeni vinatumika kwa mgonjwa mmoja tu na kutupwa. Bila hospitali inayosema "tutamkaa naye", tutakuwa tumemfundisha mtu kuendesha boti juu ya mchanga.

Nilirudi kwa binti nikamweleza, na nikamwomba msamaha. Alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Basi tuandikie hiyo lopitali." Sio mtu wa maneno mengi.

Kwa hiyo ombi lililoko mbele yenu leo si lile la kwanza. Yeye mwenyewe amelibadilisha. Feza za miezi sita ya intaneti, hapana. Anaomba vitu viwili. Kimoja ni minervali ya kumaliza A0, juu diploma ya A1 peke yake itamfungia milango mingi. Cha pili ni Kiingereza. Hapa wazee wanashangaa: tuliishi Tanzania miaka kumi, wengine ishirini, Kiswahili tunacho. Ni kweli, na kwa wodi kitamsaidia sana. Akimtuliza mama wa mgonjwa Dar es Salaam hatahitaji mkalimani. Lakini vitabu na mitihani ya kule ni kwa Kiingereza, na sisi kambini tulisoma programu ya Kongo kwa Kifaransa. Huo ni mlima wake wa kwanza, kabla ya mashine yoyote.

Wakati anasoma, mimi na katibu tutaandika barua. Dar es Salaam kuna Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili, iliyoanzishwa mwaka 2015. Kampala kuna taasisi ya moyo ya Uganda. Kote wanapasua moyo. Tutauliza swali moja tu: je, muuguzi Mkongomani anaweza kupokelewa kujifunza, kwa masharti gani, na diploma yake itatambuliwa na nani? Wakijibu hapana, tutawaletea hiyo hapana hapa kikaoni kama ilivyo, na A0 yake itabaki faida kwa kituo chetu cha afya. Feza kubwa zisitoke kabla ya barua ya hospitali kuwa mezani. Nawaomba mliandike hilo kwenye uamuzi, ili hata mimi nikifurahi tena mnizuie.

Mama mmoja aliniuliza asubuhi: akisoma, si atabaki kulekule? Anaweza. Sitawadanganya. Huku kwetu Fizi hakuna mashine hiyo, na sijui mtu anayeahidi kuileta. Akirudi kesho na cheti, atarudia kuchoma sindano. Lakini watoto wetu wanaotumwa nje wanafika kwenye vyumba vilevile ambavyo yeye atakuwa anafanyia kazi, na huko hatuna mtu hata mmoja wa kwetu. Kila mmoja apige kura kwa namna anavyolipima. Mimi nimelipima na nitapiga ndiyo.

Kwa ndugu zetu waliopelekwa Marekani, ambao gazeti hili linawafikia: watoto wenu walioko sekondari huko wana njia iliyo wazi kuliko ya binti huyu. Wasikimbie kemia na fizikia.

Kwa wafadhili, neno moja tu. Mnapenda kulipia mtu, kwa sababu mtu ana picha na ana barua ya shukrani. Mkiwa na uwezo, ulizeni pia hospitali zinazopokea wagonjwa wetu zinakosa vifaa gani. Daktari akiwepo na perfusionisti akiwepo, mfuko wa oksijeni ukikosekana, mtoto anarudishwa nyumbani na kilango chake kilekile.

Na wazazi: mtoto akilalamika koo na ana homa, mleteni kituoni. Msingoje magoti yavimbe. Sindano za kila wiki nne ni Alhamisi, kuanzia saa mbili asubuhi, na binti atakuwepo.