VITABU VYA PICHA KWA WATOTO WANAOANZA KUSOMA
(Maneno yaliyosomwa kwa niaba ya wanakikundi, Ikinga)



Tumeombwa tuseme machache juu ya lile sanduku la pili. La kwanza mnalijua, lile la kufuli tatu. La pili halina kufuli, lina vitabu vya watoto, na limetuletea ubishi kuliko fedha.

Katika mwaka wa sita wa kikundi tulipendekeza sehemu ya mfuko wa jamii inunue vitabu. Baadhi ya wenzetu walisema mfuko ule ni wa misiba na wagonjwa, na vitabu ni kazi ya shule. Walikuwa na haki ya kusema hivyo. Lakini tulikuwa na watoto wa darasa la pili wasioweza kusoma jina la kijiji chao. Tukapiga kura, tukapita kwa shida.

Jamani, mara ya kwanza tulikosea. Tulinunua mjini kwa kufuata bei na jalada linalong'aa. Kumbe ndani ni maneno matupu, herufi kama mchanga, picha moja moja. Kimoja kilikuwa cha Kiingereza, kina mtu wa theluji mwenye pua ya karoti. Watoto wakamwita mzee wa unga, wakacheka, wakakifunga. Wale waliopinga hawakusema kitu, walitutazama tu, na hiyo ilituuma zaidi.

Ndipo tukamwita mwalimu wa darasa la kwanza. Alisema watoto wengi wa huku Bundali huongea Kindali nyumbani, Kiswahili wanakutana nacho zaidi shuleni. Kwa hiyo mtoto akifungua kitabu ana kazi mbili: kutambua herufi, na kuelewa neno lenyewe. Picha humsaidia katika hiyo ya pili. Akiona kuku juu ya mahindi yaliyoanikwa na mama anakuja na fimbo, maneno ya chini anayakisia kabla hajayasoma, kisha herufi zinamthibitishia. Picha ikisema jambo jingine, inampoteza.

Tangu siku ile hatununui kitabu tusichokifungua. Tunafunika maneno kwa kiganja, tunamwuliza mtoto, hapa kuna nini? Akisimulia, tunakichukua. Akinyamaza, tunakirudisha. Kwa anayeanza, sentensi moja au mbili kila ukurasa zinatosha, herufi ziwe kubwa, na maneno yawe yanarudi-rudi. Na mtoto aachwe achague. Mvulana mmoja aliazima kitabu cha fisi wiki nne mfululizo. Mama yake akalalamika, huyu hasomi, amekariri! Mwalimu akacheka, akasema aweke kidole chini ya kila neno anapolitamka. Wiki ya tano akalitambua neno "fisi" kwenye kitabu kingine kabisa.

Vitabu vya namna hiyo vimetungwa hapa hapa nchini. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanza mwaka 1991, ulifundisha waandishi na wachoraji, ukanunua sehemu ya nakala na kuzipeleka shuleni. Mwaka huo huo ilianza Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam, ambayo nayo imetoa vitabu vya watoto. Naye mchoraji John Kilaka, mzaliwa wa upande wa Sumbawanga, si mbali sana na sisi, amechora hadithi za wanyama kwa rangi kali za Tingatinga, wanyama wamevaa nguo kama watu wa sokoni. Hakuna mzee wa unga humo.

Wapo kati yetu wasiojua kusoma. Bibi mmoja humketisha mjukuu, yeye anasimulia picha kwa Kindali, mjukuu anasoma maneno kwa Kiswahili, halafu wanabishana nani kasema kweli. Mwaka huu bibi huyo ameandika jina lake kwenye daftari la hisa, wino wa dole gumba ukabaki.

Mheshimiwa, vitabu vimechakaa. Tunavishona kwa sindano ya magunia, na unyevu wa masika unavila. Tunaomba kabati moja la mbao. Mfuko wa jamii safari hii hatuugusi, tumeshakubaliana na wale wenzetu.