Kupata Nafasi ya Kambi Florida Wakati wa Majira ya Baridi



Theluji inapofunika Minnesota na Ohio, joto la mchana mjini Miami mwezi Januari huwa wastani wa nyuzi 24 za Selsiasi, na mvua ni haba. Hapana ajabu, basi, kwamba watu wengi wa kaskazini hufunga safari kuelekea kusini wakiwa na mahema na magari ya kulala. Wanaofika bila nafasi hupata taabu, na taabu hiyo ndiyo mtaji wa matapeli. Nia yangu leo ni kuwaonyesha njia ya kuepuka yote mawili.

Jambo la kwanza ni kalenda. Tangu tarehe 1 Januari 2024, sheria ya Florida inawaruhusu wakazi wa jimbo hilo kuweka nafasi katika hifadhi za jimbo miezi 11 kabla ya siku ya kuwasili. Asiye mkazi hungoja hadi ibaki miezi 10. Tuchukue mfano wa familia ya Ohio inayotaka kuingia kambini tarehe 15 Januari. Mlango wao utafunguliwa tarehe 15 Machi ya mwaka unaotangulia, ilhali mkazi wa Florida alikwisha kufunguliwa tarehe 15 Februari. Nafasi hutolewa saa 2 asubuhi kwa saa za mashariki, yaani saa 1 asubuhi kwa aliyeko Minneapolis. Katika kambi za pwani zinazogombewa sana, kama vile Bahia Honda kwenye visiwa vya Florida Keys, kuchelewa kidogo tu kwaweza kukukosesha nafasi.

Jambo la pili ni kutong'ang'ania ufuo mmoja. Hifadhi ya Taifa ya Everglades ina kambi mbili zinazofikika kwa gari, Long Pine Key na Flamingo, na nafasi zake haziwekwi kwa utaratibu wa hifadhi za jimbo. Flamingo iko maili 38 kutoka lango kuu, kwa hiyo nunueni mahitaji kabla ya kuingia. Zipo pia kambi za Big Cypress, pamoja na ardhi za mamlaka za usimamizi wa maji, ambako mara nyingi kambi hutolewa bila malipo kwa aliyeomba kibali mapema.

Jambo la tatu ni nafasi zinazorudishwa. Mipango ya watu hubadilika, na kila anayefuta safari huacha nafasi wazi. Angalieni tovuti rasmi kila siku, hasa juma la mwisho kabla ya safari, na muwe tayari kulala usiku mmoja mmoja katika kambi tofauti. Lakini usiache mbachao kwa msala upitao: mwenye nafasi ya bara asiifute kabla ya kuthibitishiwa ile ya pwani, na asome kwanza masharti ya kufuta, kwani ada hukatwa.

Sasa nije kwenye fedha zenu. Mtu akikutangazia kwamba anauza nafasi aliyoiweka yeye, pigia simu hifadhi yenyewe kabla ya kulipa, kwa namba iliyo kwenye tovuti rasmi, wala si namba aliyokupa muuzaji. Anayedai alipwe kwa kadi za zawadi au kwa kutumiwa fedha moja kwa moja, mwepukeni. Lipeni kwa kadi ya mkopo. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1974 inampa mwenye kadi haki ya kupinga malipo ya huduma asiyoipata, mradi aiandikie benki ndani ya siku 60 tangu alipotumiwa taarifa ya kwanza yenye deni hilo. Hundi na fedha taslimu hazina kinga hiyo. Aliyekwisha kudhulumiwa atoe taarifa kwa Tume ya Biashara ya Shirikisho, na kwa Idara ya Kilimo na Huduma za Watumiaji ya Florida, ambayo hupokea malalamiko ya watumiaji jimboni humo.

Ndugu zangu, safari ya Januari huanza Machi. Mkirudi nyumbani, fungueni kalenda, hesabuni miezi 10 kurudi nyuma, mwiandike siku hiyo na saa yake. Hifadhini kila stakabadhi mpaka mtakaporejea salama.