Mgongo Hauuzwi Dukani

(Mazungumzo yaliyotolewa katika mkutano wa vikundi vya kujisaidia)



Leo hatukuja kuzungumza juu ya kuku wala mikopo. Tumekuja kuzungumza juu ya mgongo. Mwenzetu mmoja kikundini alikuwa akiinua mtungi wa lita 20 pale mtoni, miguu ikiwa kwenye tope. Akajipinda kumwangalia mtoto, na papo hapo akasikia kiuno kimechomwa kama kwa kisu. Tulimfikisha nyumbani, tukamwambia, "Mama, lala, usiinuke mpaka upone." Akalala wiki tatu. Binti yake wa darasa la sita ndiye aliyebaki kuchota maji, shule akienda siku aliyobahatika tu. Kwa kweli tulikosea mara mbili.

Kosa la kwanza ni mzigo. Maji lita 20 ni kilo 20, na mtungi wenyewe juu yake. Mwaka wa 1986 wataalamu walichapisha matokeo ya kuwapima wanawake Waluo, wanaobeba kichwani, na Wakikuyu, wanaobeba mgongoni kwa ukanda wa kichwa. Mzigo usiozidi sehemu moja ya tano ya uzito wa mwili haukuwaongezea kazi walipotembea. Ulipozidi hapo, nguvu zilianza kutumika zaidi. Sasa tupige hesabu. Mama wa kilo 60, sehemu yake ya tano ni kilo 12. Mtoto wa kilo 25, ni lita 5 tu! Je, nani alisema lazima iwe 20?

Mtajibu, "Nikibeba nusu nitaenda mara mbili, na mto uko mbali." Ni kweli. Ndiyo maana jambo hili si la mama peke yake. Kikundi kinaweza kununua wilbaro. Na ninyi akina baba, baiskeli haioni haya kubeba maji.

Tukifika mtoni, tufanye hivi:

1. Tumwage changarawe mahali penye utelezi. Ni kazi ya asubuhi moja kwa kikundi.
2. Tuweke jiwe bapa la kimo cha kiuno, ili mtungi usitoke chini kabisa. Tuuinue wawili.
3. Ukiwa peke yako, sogea karibu, panua miguu, kunja magoti, shika mtungi karibu na tumbo.
4. Ukitaka kugeuka, geuza miguu. Usipinde kiuno.

Kosa la pili ni kumlaza. Zamani hata hospitalini wagonjwa wa mgongo waliambiwa walale tu. Siku hizi imejulikana kwamba kulala siku nyingi kunadhoofisha misuli na kuchelewesha kupona. Pumzika siku moja au mbili kama maumivu ni makali, halafu tembea kidogo kidogo uani. Kitambaa cha maji ya moto kinasaidia. Wengi hupata nafuu wiki chache zikipita.

Lakini usikae nyumbani ukiona haya: miguu kufa ganzi au kukosa nguvu, kushindwa kuzuia mkojo au choo au kukojoa kwa shida, ganzi katikati ya mapaja, au maumivu baada ya kuanguka vibaya. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Mgongo ukiuma pamoja na homa, kukonda au jasho la usiku, pia nenda mapema, kwa maana kifua kikuu hushika hata mifupa ya mgongo.

Yule mwenzetu sasa anatembea. Anabeba lita 10, na mumewe huleta nyingine kwa baiskeli. Binti amerudi shuleni.

Kabla hatujaachana leo, kila kikundi kiseme: nani ataleta changarawe, na lini? Tusione aibu kubeba kidogo. Haba na haba hujaza kibaba.