ULEVI NA UA LA KAHAWA
Hotuba iliyosomwa na Katibu wa chama cha msingi, Bugomora, katika sikukuu ya kutimiza miaka 10 ya Chama Kikuu



 Nilipoambiwa nichague jambo la kuzungumza, wengi walidhani nitasoma hesabu za ghala na mizani. Hesabu hizo atazisoma Bwana Mhasibu, naye azijua kuliko mimi. Mimi nataka kusema juu ya hesabu isiyoandikwa katika daftari letu lo lote, nayo ni ile kahawa inayonywewa kabla haijachumwa.

Nyote mwalijua neno butura. Mkahawa hutoa maua meupe, na tangu ua hata buni kuiva hupita miezi tisa au zaidi. Katika miezi hiyo mkulima hana kitu mfukoni, na mwenye fedha hulijua jambo hilo vizuri sana. Huja jioni, tena mara nyingi huja kilabuni, akanunua kahawa ingali ua. Tufanye hesabu ya mfano tu. Mtu apewa shilingi 40,000 leo, naye aahidi gunia moja la maganda, kilo 60. Msimu ukifika, kilo ikauzwa shilingi 3,000, gunia lile ni shilingi 180,000. Basi aliyekunywa shilingi 40,000 amelipa mara nne na nusu, na mizani ya chama haikuona hata punje. Serikali imeipiga butura marufuku, lakini mapatano yake hufanywa gizani, bila karatasi, na shahidi wake ni chupa.

Sisemi kwamba kila auzaye ua ni mlevi. Wako wauzao kwa sababu mtoto ni mgonjwa, au sare ya shule imechakaa. Hao nitarudi kwao. Lakini sisi makatibu twakaa ghalani tukiona nani haleti kahawa ilhali shamba lake limezaa, na sababu tunayoisikia mara nyingi mno ni hiyo moja.

Nisidhaniwe kuwa nimekuja kuitukana rubisi. Rubisi ni yetu tangu kale. Ndizi za embire huivishwa, zikakanyagwa pamoja na nyasi, maji yakaongezwa, mtama uliokaangwa na kusagwa ukatiwa, na haipiti siku nyingi pombe ikawa tayari. Posa haikamiliki bila kibuyu. Tena wamo mama katika mkutano huu waliowanunulia watoto wao madaftari kwa fedha ya rubisi, nami sitathubutu kuwaambia wavunje vibuyu vyao kabla sijawaonyesha fedha nyingine itatoka wapi. Hata hivyo wazee wetu walikuwa na kipimo. Pombe ilikuwa na siku yake, na kijana hakunywa mbele ya baba mkwe. Mgeni alipofika kwa ghafula alikaribishwa kwa kahawa ya kutafuna, si kwa chupa.

Kipimo hicho kimevunjwa na gongo. Rubisi ikichemshwa na mvuke wake kukingwa, kilichokuwa katika kibuyu kizima huingia katika chupa moja. Sheria ya mwaka 1966 yakataza mtu kuitengeneza bila leseni, nasi sote twajua inatengenezwa wapi. Vile vifuko vidogo tulivyoviita viroba vilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Machi 2017, na watu walishangilia. Lakini mnywaji wa kiroba hakuacha kunywa siku ile, alihamia penginepo.

Hatari moja ya pombe ya namna hii ni kwamba mnywaji hajui anywacho. Mwezi wa Aprili 2010 huko Kabale na Kamwenge, magharibi ya Uganda, watu zaidi ya 80 walikufa kwa kunywa waragi iliyotiwa methanoli. Hiyo ni spiriti ya viwandani. Kwa macho na kwa harufu hufanana na kileo cha kawaida, lakini mwili huigeuza kuwa sumu inayopofusha na kuua. Kabale si mbali nasi.

Lakini wengi hawafi kwa siku moja hivyo. Hufa polepole. Ini huchoka, likawa gumu, tumbo likajaa maji. Shinikizo la damu hupanda. Mama mja mzito anywapo, mtoto hunywa pamoja naye. Tangu mwaka 1988 wataalamu wa saratani wa Umoja wa Mataifa wameiweka pombe miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani bila shaka. Shirika la Afya Duniani limehesabu kwamba mwaka 2019 pombe iliua watu milioni 2.6 ulimwenguni. Nasi wa Kagera tuna sababu yetu ya kuogopa zaidi: wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi kutambuliwa katika nchi hii walitambuliwa katika mkoa wetu, mwaka 1983. Mlevi husahau kujikinga, na aliye na dawa husahau kumeza dawa.

Hapa niseme neno dogo juu ya biashara yetu wenyewe. Watu husema mlevi apewe kahawa kali apate kuzinduka. Ningependa iwe kweli, maana tungeuza mara mbili! Lakini kahawa haitoi pombe katika damu. Ini ndilo liitoalo, kwa mwendo wake, saa baada ya saa. Mlevi aliyekunywa kahawa ni mlevi aliye macho, naye asipewe pikipiki.

Na jambo hili la pili ni zito. Mtu anywaye sana kila siku, miaka mingi, asilazimishwe kuacha kwa siku moja nyumbani. Mwili uliozoea hutetemeka, hupatwa na degedege na kuona vitu visivyokuwapo, na wengine hufa. Apelekwe kwa mganga wa zahanati au hospitali, aache chini ya uangalizi. Tumewacheka watu wa namna hii, tukisema wamerogwa au ni wavivu. Ni wagonjwa.

Ndugu zangu, mtaniuliza kijana huyu ameyajuaje. Nilikuwa na umri wa miaka kumi. Mwaka ule mikahawa yetu ilizaa hata matawi yakainama. Tulichuma mimi na mama na dada zangu, tukaanika, tukageuza kila siku, tukaingiza ndani mvua ilipotishia. Mama aliniahidi viatu. Siku ilipokauka vema alikuja mtu na magunia yake matupu, akajaza, akapakia, akaenda. Hakutukana, wala baba hakubisha. Alikaa chini ya mgomba akitazama pembeni. Ndipo tulipojua kwamba tangu maua tulikuwa vibarua katika shamba letu. Nilimaliza kidato cha nne kwa sababu mjomba alilipa. Dada zangu hawakuwa na mtu wa kuwalipia.

Nami nina kosa langu. Msimu wangu wa kwanza wa ukarani nililipa wakulima saa kumi jioni, meza ikiwa hatua chache tu kutoka mlango wa kilabu. Niliona ni vizuri kwa sababu palikuwa na kivuli. Mke wa mwanachama mmoja alikuja asubuhi yake kuniuliza fedha ziko wapi. Nilimwonyesha stakabadhi yenye sahihi ya mumewe. Stakabadhi ilikuwa sahihi kabisa, na yule mama aliondoka mikono mitupu.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, naomba mambo haya yaingizwe katika ajenda ya mkutano mkuu ujao. Malipo yafanyike asubuhi, mbali na vilabu, na mume na mke waitwe pamoja. Na mama alimaye kahawa aandikwe mwanachama kwa jina lake. Kila chama kitenge fungu la mkopo mdogo kwa miezi ya maua, riba iwe nyepesi, ili mwenye mtoto mgonjwa asiwe na haja ya kumtafuta mwenye butura. Fungu hilo lisitolewe kwa ahadi ya mdomo. Liandikwe, na kamati iende kuona shamba.

La mwisho ni gumu kulisema mbele ya wakubwa. Wanunuzi wengine wa ua la kahawa hawatoki mbali. Wanakaa katika kamati zetu, na leo wamevaa beji ya sikukuu. Naomba mjumbe ye yote atakayethibitika kununua butura aondoke kitini siku hiyo hiyo, na nikiwa mimi, muanze na mimi.

Daftari la mkopo nimekwisha kulichora mistari. Liko ghalani, juu ya meza, karibu na mizani. Halina jina bado.